Pete Iliyogoma Kifundoni

Njombe, 8 Julai 2024

Mdogo wangu Aloyce,

Mchungaji Timoth ametangaza jana baada ya mahubiri kwamba mimi na shemeji yako tutabarikiwa pete upya Jumapili ya tarehe 17 Novemba, kwa kutimiza miaka arobaini ya ndoa. Ndiyo habari kubwa ya hapa, nimeona nianze nayo. Hujambo? Telesia na watoto hawajambo? Sisi tupo. Sakitu ya wiki iliyopita, umande ukiganda mpaka asubuhi, imeunguza viazi vyote vya bondeni. Parachichi zimepona kwa kuwa ziko juu. Shemeji yako anaranda mbao kama kawaida, na sasa anatengeneza milango ya nyumba ya mchungaji. Amekataa kusaidiwa.

Sasa pete. Unaijua, ni ile baba aliyoitengeneza Ludewa, ukiwa bado unamvutia mivukuto ya kupulizia moto. Niliivua mwaka ule nilipoungua na mafuta ya maandazi, vidole vikavimba, na tangu hapo haijarudi. Inafika kwenye kifundo cha kidole, inagoma. Watoto wametaka kuninunulia nyingine. Nimewaambia wanunue mbolea.

Huenda hujui utaratibu wa usharika wetu, maana ninyi Wakatoliki mna wenu. Hapa mume anamvisha mkewe mwenyewe mbele ya madhabahu, na kwaya inaimba mpaka pete ikae. Hainyamazi kabla. Mwaka jana pete ya mama mmoja wa mtaa wa pili ilikwama. Kwaya ikarudia ubeti uleule, ikarudia tena, mpaka mzee mmoja wa kanisa akatoka nje na kurudi na chupa ya mafuta ya kupikia ya alizeti. Mama yule sasa anaitwa Mama Alizeti, hata sokoni. Mimi sitaitwa hivyo. Wifi yangu Anyisile ameshaniuliza mbele ya akina mama wote, "Wifi, tukununulie lita ngapi?"

Nimempa kondakta wa basi la saa moja bahasha yenye pete na uzi niliopimia kidole. Itanue ifike kwenye fundo la uzi. Usiikate, ile ni kazi ya baba. Na usinipigie simu kwa jambo hili, kidole hakipimwi kwa simu.

Dada yako,
Hyasinta

*Shemeji, ungekuja kumpima wewe. Huku kila anayetaja vidole vyake anakosa chai. — Nahumu*


Makambako, 16 Julai 2024

Dada Hyasinta, shikamoo.

Hongera kwa tangazo. Telesia amelipokea kwa vigelegele na ameshachagua kitambaa. Hatujambo sote. Upepo wa Makambako unaujua, kwa hiyo vumbi la barabara kuu linaishia kwenye meza yangu ya kazi na nalifagia na unga wa dhahabu humohumo. Mpe pole shemeji kwa viazi. Mwambie mwandiko wake ndio pekee unaosomeka katika barua zako.

Pete nimeipokea salama. Nimeiangalia kwa kioo cha kukuzia siku nzima kabla ya kuigusa. Baba hakuimimina kwenye kalibu ipate umbo humo. Aliipiga kwa nyundo tangu mwanzo hadi mwisho, na alama za nyundo zimo ndani, zimepangwa kama mistari ya matuta. Nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi na hakuna anayenifundisha siku hizi, lakini mbele ya kazi ya mkono huo nilisimama kidogo.

Sasa uzi. Dada, huu ni uzi wa msichana anayejiandaa kwa kipaimara. Nilikupigia Jumamosi, ingawa ulinikataza, nikuulize kama umepima kifundo au chini yake, asubuhi au mchana. Ulisema "Tengeneza" ukakata. Mteja akileta kipimo, natengeneza kwa kipimo. Nimeitanua kidogo kidogo kwenye chuma cha kupimia mpaka ikalingana na fundo lako. Haikupasuka. Zaidi ya hapo haitanuki bila kukatwa, na hilo nakuambia mapema.

Pete haijawahi kurudishwa kwangu. Nategemea utakuwa na heshima ya kutoanzisha.

Mdogo wako,
Aloyce


Njombe, 2 Septemba 2024

Mdogo wangu Aloyce,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Baridi imekwisha, watu wanatayarisha mashamba. Rejoice, mjukuu wangu, ameajiriwa ofisi ya halmashauri na amekuja kutuonyesha kitambulisho chake, akakivaa shingoni hata wakati wa kula. Shemeji yako amepumzika kazi ya randa kwa sasa. Milango ya mchungaji watamalizia vijana.

Pete inarudi kwako pamoja na barua hii. Ilipofika niliivaa alfajiri nikiwa natoka kukamua ng'ombe. Ilipita vizuri, nikaenda nayo jikoni. Ilipofika mchana, baada ya kusonga ugali, kidole kilikuwa kimejaa na pete haiendi mbele wala nyuma. Niliitoa kwa sabuni, mlango umefungwa. Hewa ya Julai na hewa ya Novemba si moja, na ibada ni saa nne. Kosa ni la hali ya hewa.

Nimeweka uzi mwingine. Fuata huu. Usishangae ukubwa wake na usiniulize. Kama ni lazima kukata, kata.

Shemeji anakusalimu.

Hyasinta


Makambako, 10 Septemba 2024

Dada, shikamoo.

Mpe Rejoice hongera zangu. Mwambie asilale nacho. Huku Telesia amefungua genge lake la mboga karibu na stendi na ananiagiza kama mwajiriwa. Sisi wengine wazima.

Nimeuweka uzi wako kwenye kidole changu gumba, ukapita na nafasi ikabaki. Pete ya kipimo hiki itaanguka kwenye sufuria ya kwanza utakayoosha. Mwezi wa saba ulitaka ya msichana, sasa unataka ya mpasua mbao. Nikiitengeneza, watu wataona mkononi mwako pete inayoning'inia na watauliza sonara ni nani. Utawajibu ni mdogo wako. Sitaitengeneza.

Kuna mambo mawili mengine. Julai uliandika "usiikate, ile ni kazi ya baba." Sasa unaandika "kata", kama mtu anayeagiza nyama. Tena shemeji amenisalimu kupitia kwako, hakuandika mstari wake. Tangu uolewe haijatokea barua yako ikafika bila mstari wake wa chini, hata ile ya msiba wa mama. Nimempigia simu mara mbili. Umepokea wewe, ukasema yuko shambani. Kwa Septemba hii analima nini saa mbili usiku?

Njoo na kidole chako. Basi la saa moja linatumia saa moja na nusu tu, unafika mapema, unakunywa chai kwa Telesia, napima, jioni uko kwako. Pete nimeifungia kabatini mpaka uje.

Aloyce


Njombe, 30 Septemba 2024

Aloyce,

Marahaba. Tunaendelea vizuri.

Siji Makambako. Nina ng'ombe, nina kuku, nina nyumba. Shemeji yako alikuwa shambani kwa sababu watu wenye mashamba huenda shambani. Naandika barua kwa kuwa simu yangu spika yake imeharibika, nikiongea nayo nyumba nzima inasikia, na si kila neno ni la nyumba nzima.

Nakuomba kwa mara ya mwisho pete pana. Ikianguka kwenye sufuria nitaiokota, sufuria ni yangu. Ninachotaka ni kwamba tarehe 17 Novemba ipite kwenye kidole bila kugoma, hata kidogo, hata sekunde. Hukuwepo mwaka jana wakati wa Mama Alizeti. Mimi nilikuwepo. Watu hawakumcheka yeye tu, walimcheka na mumewe. Alikuwa anatoka jasho, anakamua kidole cha mwenzake kama anakamua chungwa. Mume wangu hatasimama hivyo mbele ya watu.

Kama kazi imekushinda, sema. Hapa mjini kuna masonara wawili. Rudisha pete kwa kondakta, nitawapelekea.

Hyasinta

*(Ndani ya bahasha hiyohiyo, kikaratasi kilichokunjwa, herufi kubwa zilizolala upande:)*

SHEMEJI. NAANDIKA KWA MKONO WA KUSHOTO, UTANIVUMILIA. TAREHE 11 AGOSTI NILIPATA KIHARUSI KIDOGO. MIGUU MIZIMA, MANENO MAZIMA, MKONO WA KULIA HAUSHIKI. UNASUKUMA TU. HAUWEZI KUBANA KITU. NILIMKATAZA ASISEME, NISINGEPENDA LUDEWA YOTE IJE NA MAEMBE KUNITAZAMA. YEYE ANATAKA PETE PANA ILI MIMI NIWEZE. MIMI SITAKI AVAE PETE YA KUANGUKA. TAFUTA NJIA. HAJUI KAMA NIMEANDIKA. BARUA NAIPELEKA STENDI MWENYEWE. — NAHUMU


Makambako, 7 Oktoba 2024

Dada yangu, shikamoo.

Nafurahi mnaendelea vizuri. Huku mvua za kwanza zimejaribu zikaacha. Telesia ameniuzia nyanya zangu mwenyewe za shambani na hakunipunguzia.

Kazi haijanishinda, na wale masonara wawili uwaache walale. Nimeifikiria pete upya. Nitakwambia nilichoona, kisha utaamua.

Vidole vya watu waliofanya kazi vinafanana. Kifundo kinakua, chini ya kifundo panabaki pembamba. Pete inayopita kifundoni bila shida inacheza chini yake, na inayokaa vizuri chini haipiti juu. Wewe umenitumia kipimo cha juu na kuongeza chako. Dawa yake ipo, na nimeshawafanyia wengi. Naitengeneza ipite kifundoni kwa kusukumwa tu, haihitaji kubanwa wala kuzungushwa. Halafu ndani yake, upande wa kiganja, nalehemu punje mbili ndogo za dhahabu, kama mbegu za ulezi. Pete ikishapita, punje zinaegemea nyama na kuishikilia. Haitoki mpaka uivute mwenyewe. Haining'inii, haiangukii sufuriani.

Ili niifanye nahitaji nyuzi mbili, moja ya kifundo na moja ya chini yake. Pima mchana, baada ya kusonga ugali, mikono ikiwa ya moto. Usivute uzi. Ulaze tu kama unapima mtoto mchanga.

Itabidi nikate. Nimetafuta mahali ambapo nyundo ya baba haikuacha alama na nimepapata, padogo. Ukinipa ruhusa nitakata hapo, si pengine.

Aloyce


Njombe, 14 Oktoba 2024

Mdogo wangu Aloyce,

Marahaba, mdogo wangu. Mvua kwetu imeshika. Tumepanda mahindi ya mwanzo, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Nyuzi mbili ziko ndani. Nimepima mchana na sikuvuta. Ule wa Julai niliuvuta, tena niliushika kwa meno. Sikutaka vijana wako wa karakana waone dada yako ana kidole cha aina gani. Sasa umeona, na hao vijana waambie kidole hiki kimesomesha watu.

Niliposoma "kusukumwa tu, haihitaji kubanwa" nikajua unajua. Nilimwendea Nahumu na barua mkononi, nikamwuliza, "Umemwandikia Aloyce?" Akajibu, "Nimemwandikia fundi. Mambo yangu na fundi hayakuhusu." Nikarudi jikoni, maana hata mimi nilikuagiza pete pana bila kumwuliza.

Basi sasa nakueleza yaliyobaki. Mchungaji Timoth alikuja Jumatano. Ameshajua kuhusu mkono, usharika mzima unajua, ni ninyi tu wa mbali msiojua. Alisema kwa upole kwamba si dhambi mwanetu Obed akisimama nyuma ya baba yake na kumshika mkono, au pete nikaivaa mwenyewe, naye mchungaji akatamka baraka. Alipendekeza tufupishe na wimbo. Ni mtu mwema, wala hakukosea kusema. Nilimwambia, "Aliyenivisha mwaka themanini na nne hakushikwa mkono na mtu." Nahumu alitazama ile milango mipya iliyoegeshwa ukutani, ambayo vijana wameimaliza vibaya, halafu akasema, "Mchungaji, nitamvisha. Kama sitaweza, mtaniona sikuweza."

Mchungaji akaomba, akanywa chai, akaondoka. Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Asipoweza, ataonekana na watu wote aliowatengenezea meza na vitanda. Hilo ndilo nililokuwa nalikataa kuliandika.

Kata hapo ulipopaona.

Hyasinta


Makambako, 28 Oktoba 2024

Dada, shikamoo. Shemeji, habari za kazi.

Hongera kwa ndama. Sisi hatujambo. Telesia ameshashona, na nguo ni ya njano, nawaonya mapema.

Pete imekamilika na inakuja kwa kondakta yuleyule. Nimeikata mahali nilipokuambia na kuunga kipande cha dhahabu. Rangi yake imepauka kidogo kuliko ya baba, na ukiigeuzia mwanga utaona mahali pa kuunga. Ningeweza kuipaka ifanane. Sikuipaka. Ni pete iliyofanyiwa kazi mara mbili na mafundi wawili, acha ionekane hivyo. Alama za nyundo za baba zipo zote. Pembeni yake nimegonga yangu, ndogo. Nilikuwa sijawahi kugonga alama yangu karibu na yake. Niliona safari hii inaruhusiwa.

Nimeijaribu kwa kidole cha mama mmoja mteja wangu ambaye vipimo vyake vinafanana na nyuzi zako. Nilimwambia aangalie pembeni, nikaisukuma kwa ukingo wa kiganja bila kutumia vidole. Ilisimama kidogo kifundoni kisha ikapita. Akaniuliza, "Fundi, ndiyo mnavyovisha siku hizi?" Nikamwambia ndiyo mtindo wa Njombe.

Shemeji, haya ni yako. Ianzishe pete kwenye ncha ya kidole kwa mkono wa kushoto, kisha usukume kwa kiganja cha kulia, hapo chini ya kidole gumba penye nyama. Punje mbili zielekee chini. Itasimama kifundoni. Lazima isimame, ndivyo ilivyopimwa, isiposimama itakuwa pana. Usiogope ikisimama. Egemea. Itapita.

Aloyce


Njombe, 9 Novemba 2024

Mdogo wangu Aloyce,

Marahaba, na Telesia mwambie njano imekubaliwa. Sote wazima. Mahindi yameota, kunguru wamekula mstari mmoja.

Pete ilifika Jumatatu. Nahumu aliichukua mkononi, akaigeuza dirishani, akaona mahali ulipounga. Alisema, "Amekuwa mkweli huyu." Kwake hiyo ni sifa kubwa, sijawahi kumsikia akimpa fundi mwingine.

Alhamisi mchana tulikaa mezani. Niliweka mkono wangu juu ya meza na yeye akaanza kama ulivyomwagiza. Pete ilifika kifundoni ikasimama. Mkono wangu wa pili ulitaka kusogea umsaidie. Niliuzuia. Nilitazama nje, kuku walikuwa wanaparua kwenye matuta mapya na sikuwafukuza. Ilichukua muda mrefu, Aloyce. Sitaki kukudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Ikapita. Ilikaa chini ikatulia, na nilipotikisa mkono haikusogea. Akaniambia, "Toa, turudie." Tulirudia mpaka jasho lilipomtoka, kisha akaomba chai.

Ijumaa Anyisile akatukuta katikati ya mazoezi. Alisimama mlangoni akatazama mpaka mwisho, akasema, "Wifi, si uvae tu mwenyewe. Watu watachoka kusimama."

Nikamwambia, "Wakichoka, mabenchi yapo."

"Na kwaya je? Itaimba mpaka lini?"

Nahumu akajibu bila kuinua uso, "Anyisile, wewe siku yako ulivishwa pete ya kuazima, na iliporudishwa kwa mwenyewe tulikuwa bado tunaimba. Kaa unywe chai."

Anyisile alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza kucheka alikaa upande wa kulia wa kaka yake, akamshikia kikombe, na hakutaja mafuta tena.

Mwalimu wa kwaya alikuja jana kuuliza waandae beti ngapi. Mchungaji alikuwa amemwambia mbili. Nilimwambia waandae wimbo wote, na wakifika mwisho waanze upya. Akauliza kama nina uhakika, maana watu wanaweza kuongea. Nikamjibu kwamba naolewa na mtu yuleyule, kwa pete ileile, mbele ya watu walewale, na haraka sina. Mume wangu atachukua muda wake wote. Mimi nitasimama wima, nimenyoosha mkono, na anayetaka kutazama atazame. Ikikwama, itakwama ikiwa mkononi mwake. Nimemwambia Obed aketi na wenzake, asije mbele.

Mchungaji amekubali. Anapokea pete Ijumaa jioni. Jumamosi tarehe 16 saa kumi tuna mazoezi na kwaya kanisani, na Nahumu amesema anataka fundi awepo. Mpande basi la asubuhi. Ibada ni Jumapili, tarehe 17 Novemba, saa nne.

Dada yako,
Hyasinta